Mashine ya presha ya nyumbani: miezi saba nikiitumia

Niliinunua duka la dawa Barabara ya 12, hapa Tanga, shilingi 78,000, wiki moja baada ya kuanguka mlangoni mwa choo alfajiri. Nina miaka 71, nimestaafu bandarini, na dawa za presha nameza tangu 2014. Kliniki hunipima kila mwezi, wananiandikia kwenye daftari, narudi nyumbani. Namba ya juu mia na hamsini na kitu, ya chini sabini na kitu, hatuna ugomvi. Sasa mbona nikiinuka kwenda kutia udhu dunia inazunguka?

Mjukuu wangu anasoma uuguzi. Akaniambia, "Babu, jipime umekaa, kisha simama ujipime tena dakika ya kwanza na ya tatu." Nimekaa: 154 kwa 72. Nimesimama dakika moja: 126 kwa 64. Kumbe namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, hilo ni jambo la kumpelekea daktari. Miaka yote hiyo kliniki nilipimwa nimekalia kiti tu.

Daktari aliitazama karatasi yangu akasema, "Mzee wangu, mishipa imekakamaa." Mshipa mkubwa wa kijana hutanuka moyo unapopiga, kisha hurudi, kwa hiyo damu hufika mbele kwa upole. Umri ukienda, nyuzi zinazoupa unyumbufu hukatika na ukuta unakuwa kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani. Ndiyo maana uzeeni namba ya juu hupanda na ya chini ikateremka. Mimi tofauti ya namba hizo mbili ni 82, yaani kila pigo la moyo linasukuma damu kwa kishindo. Kishindo hicho kinaishia kwenye vijimishipa vyembamba vya ubongo, navyo kwa miaka huongeza unene wa kuta na kubana njia. Ubongo wenyewe ni kama sehemu 2 tu kati ya 100 za uzito wa mtu, lakini hudai karibu 15 kati ya kila 100 za damu inayosukumwa na moyo. Ni mlaji, hauvumilii kucheleweshewa.

Tena shingoni kuna vihisio vinavyoujulisha moyo kuongeza kasi mtu anaposimama. Navyo vimo ndani ya ukuta huohuo mgumu, basi habari inachelewa. Nikawa mtu mwenye presha kubwa akikaa, na haba akisimama! Daktari alibadilisha mpango wa dawa (dawa gani sisemi, ya mtu si ya mwenzake) na akaniamuru nikae ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Sijaanguka tena.

Mashine sasa. Tarakimu zake ni kubwa, nazisoma bila miwani. Inahifadhi vipimo vya watu wawili, na ina alama ya kuonya mapigo yakienda kombo. Ni ya kufunga juu ya kiwiko. Ile ya kifundo cha mkono muuzaji alinishauri kwa kuwa ni rahisi, nikakataa, maana mkono ukiushusha kidogo tu inadanganya.

Masharti yake ndiyo kazi. Ukae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, na kahawa iwe imepita nusu saa. Kwa mtu wa baraza kama mimi, kipimo cha jioni hakina wakati: kahawa na kashata huanza baada ya alasiri na haziishi. Nimehamia asubuhi. Na usiongee! Mke wangu huniuliza habari za mkaa katikati ya kipimo, namba inaruka.

Kasoro kubwa ni mkanda. Umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa mke wangu, kwa futi ya cherehani, ni 36. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na siku ya kwanza ulimtoa 171, akalia, akaanza kuaga watu. Kliniki, kwa mkanda mkubwa, akawa na 138. Dukani hawakuniuliza ukubwa wa mkono wa mtu yeyote. Betri nne zinadumu miezi mitatu hivi. Maelezo ni ya Kichina na Kiingereza tu.

Nyota nne kwangu mimi. Kwa mke wangu mbili, mpaka mkanda mkubwa nilioahidiwa tangu Machi uje kutoka Dar.