Nakala ya Mtakatifu Jeromu wa Dürer: chapa nzuri, maelezo mabovu

Nakala ya chapa ya msanii Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1514, inayomwonyesha Mtakatifu Jeromu, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, akiandika chumbani mwake, niliiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni. Imechapwa kwenye karatasi nene isiyong'aa, na kwa hilo inastahili sifa, kwa kuwa mng'ao ungefifisha mistari myembamba ambayo msanii aliichonga kwenye bamba la shaba. Mwanga wa jua unaopenya vioo vya dirisha umetokea vizuri mno.

Uzuri wa chapa hii, hata hivyo, umo katika alama zake. Fuvu limewekwa kwenye kizingiti cha dirisha, msalaba mdogo umesimama pembeni mwa meza, na ukivuta mstari kwa jicho kutoka kichwa cha mtakatifu hadi kwenye fuvu, mstari huo hupita msalabani, kana kwamba mauti hayatazamwi ila kwa kupitia ukombozi. Mpangilio huo unaonekana hapa bila taabu. Saa ya mchanga na kofia ya kardinali ni bayana pia, ingawa kofia hiyo ni mazoea ya wachoraji tu: Jeromu alifariki mwaka 420, karne nyingi kabla ya makardinali kupewa kofia nyekundu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba ukingo wa juu umekatwa, bila shaka ili picha ienee kwenye fremu ya kawaida, na kibuyu kinachoning'inia darini kimepoteza sehemu yake. Kibuyu hicho si pambo; wafasiri wa sanaa hukihusisha na ubishi kati ya Jeromu na Mtakatifu Agostino juu ya namna ya kutafsiri jina la mmea uliompa nabii Yona kivuli.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kijikaratasi cha maelezo kinadai kuwa simba aliyelala mbele ya chumba ni alama ya Mwinjili Marko. Simba wa Marko kwa kawaida huchorwa akiwa na mabawa. Huyu hana, naye anatoka katika hadithi ya Jeromu kumwondolea simba mwiba mguuni, ndiyo maana amejilaza kwa utulivu karibu na mbwa. Anayeuza picha za dini kwa watu wanaotaka kufundishia hana budi kulijua hilo.

Kwa kupamba ukuta, nakala hii inatosha. Kwa kufundishia katekesi, itupe karatasi ya maelezo na utafute toleo lisilokatwa ukingo.