Kupima masikio Lubumbashi: jenereta chini ya dirisha na mpimaji asiyetaka kuulizwa

Majuzi nimepimwa masikio katika kituo kimoja hapa Lubumbashi, na hasira haijanitoka. Mtu ambaye masikio yake yanalia usiku kucha anafuata pale karatasi yenye namba za kweli. Mimi nimelipa, nikapewa namba za jenereta.

Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta yao wameiweka chini ya dirisha la chumba cha kipimo, na mlango una mwanya unaopitisha kidole. Muungurumo wa injini umejaa sauti nzito, na sauti nzito hufunika milio ya chini ya kipimo, ile ya hezi 250 na 500. Mgonjwa haisikii, mpimaji anaandika kwamba sikio limepungua. Kumbe masikio yaliyoumizwa na kelele za kazi huonyesha picha nyingine kabisa: sauti nzito huwa salama, mstari wa kwenye karatasi unazama karibu na hezi 4000, ambayo ni sauti nyembamba, kisha unapanda tena kidogo kwenye 8000. Daktari akiletewa karatasi iliyoharibiwa na jenereta anaweza kuwaza maji nyuma ya ngoma ya sikio, au ugonjwa wa Ménière (wa sikio la ndani, unaoleta kizunguzungu), akakuandikia dawa za ugonjwa usio wako.

Nikauliza kwa adabu kama tunaweza kusubiri izimwe. Jibu: "Papa, bonyeza kama unasikia. Maneno mingi ya nini?"

Maneno mengi ndiyo kazi yake! Kabla ya kuvalisha vipokea sauti (chekundu sikio la kulia, bluu la kushoto) alipaswa kumulika ndani ya sikio. Nta ikijaa huleta mlio na uziwi peke yake, na kuisafisha hakuhitaji mashine. Alipaswa kuuliza dawa: kwinini ya malaria huleta mlio ambao kwa kawaida hutulia dozi ikiisha, lakini sindano za gentamisini zinaweza kuua usikivu moja kwa moja. Alipaswa kuuliza kama mtu ametoka kwenye kelele jana yake, kwa sababu sikio lililochoka hutoa namba mbaya kuliko hali yake. Lipumzike kwanza saa kama 14. Na muhimu kuliko yote, kama mlio uko sikio moja tu, au unapiga sawasawa na mapigo ya moyo, au usikivu umepotea ghafla. Huyo wa mwisho anahitaji daktari leo, si wiki ijayo.

Tena kuna jambo linalowahusu hasa sisi wenye mlio. Sauti ya kipimo ikiwa nyembamba na ndefu, inafanana na ule mlio wako, hujui ubonyeze au uache. Mashine nyingi zinaweza kutoa sauti ya kukatika-katika. Ni kubadilisha mpangilio tu. Nilipoomba hivyo, akageuza macho. Mkono wake ulikuwa unaonekana, akibofya kwa mwendo uleule, hata kiziwi angekisia.

Niseme haki pia. Mashine yao ni nzuri. Na kuna mama muuguzi chumba cha pili anayeosha nta kwa maji ya vuguvugu kama joto la mwili, taratibu, na huuliza kwanza kama ngoma ya sikio imetoboka. Kwa ajili yake nilikuwa karibu kusema nendeni tu.

Lakini wakati wa kutoka mpimaji yuleyule akaniuzia vizibo vya sponji na kuniambia, "Vaa mchana na usiku, mlio utanyamaza." Hapo hapana! Ukiziba masikio mahali palipo kimya, ubongo unaongeza usikivu wake na mlio unapanda. Baada ya muda hata mgongano wa sahani unauma. Usiku mlio unataka sauti ndogo kando yake: feni, au redio chini kabisa, chini kidogo ya mlio wenyewe.

Vizibo ni vya kelele. Fundi wa kuchomelea vyuma kule Kenya au Katuba, komuni za hapa hapa Lubumbashi, mashine ya kukata chuma ikifika desibeli 100, muda wake salama bila kinga ni dakika 15 kwa siku. Kwenye 85 ni saa 8. Pamba haisaidii kitu. Sponji uiviringe kwa mikono safi hadi iwe nyembamba bila mkunjo, upitishe mkono mwingine juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma, uingize, ushikilie kwa kidole karibu nusu dakika. Sauti yako mwenyewe isikike nzito kichwani. Isiposikika hivyo, toa uanze upya. Namba ya desibeli zinazopunguzwa, iliyoandikwa kwenye pakiti, ni ya maabara, wengi hupata nusu yake.

Hayo yote hakuyasema, na dola zangu kachukua. Kwa hiyo narudisha maneno yangu: kwa kuosha nta, nendeni kwa yule mama. Kwa kipimo, fikeni asubuhi umeme ukiwapo, na mkisikia jenereta inaunguruma geukeni kabla ya kulipa, maana kaunta hawarudishi pesa na kurudia kipimo wanadai ulipe upya.