Nimehamisha akiba yangu hapa Masasi: riba ya asilimia 2 imenishinda

Asilimia 2 kwa mwaka. Halafu serikali inachukua kodi ya zuio, asilimia 10 ya hiyo riba, halafu benki nayo inakata ada yake ya mwezi. Hiyo ndiyo akaunti ya akiba niliyokaa nayo mpaka msimu uliopita. Jina la benki silitaji, wala la ile niliyohamia. Masasi tunajuana, na wote wawili bado nina shughuli nao. Ninachopima hapa ni huduma mbili: akaunti ya akiba ya kawaida niliyoiondolea pesa, na amana ya muda maalumu nilikozipeleka, yaani pesa unazozifunga benki kwa miezi mliyokubaliana.

Mimi nashona sare za shule. Pesa yangu ina msimu kama mikorosho. Oktoba minada inaanza, wakulima wanalipwa kupitia akaunti zao, na ikifika Novemba mzazi aliyepokea chake anaingia dukani na watoto watatu wapimwe. Ule msimu wa 2024/2025, bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye minada ya kwanza, kuna wazazi walishonesha jozi mbili mbili bila kuomba kupunguziwa. Desemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, cherehani hazipoi. Baada ya hapo ni kimya. Ufuta ukiuzwa, Juni na Julai, kunachangamka kidogo, lakini pesa kubwa inakaa tu ikisubiri Septemba niende Kariakoo kuchukua majora mapya. Hivyo kuna milioni nane hivi ambazo kwa zaidi ya nusu mwaka hazina kazi. Kuziweka kabatini siwezi. Kuwakopesha ndugu, mwisho wake naujua.

Akaunti ile ya zamani nilipoifungua ilikuwa inatangazwa kwa asilimia 4, na kwa akaunti ya akiba hapa nchini hiyo si mbaya hata kidogo, kwa sababu wastani wenyewe unazunguka asilimia 3. Baadaye ikabandikwa karatasi karibu na meza ya maulizo kwamba viwango vimebadilishwa. Hakuna meseji, hakuna simu. Benki hiyohiyo inayonitumia meseji nikitoa elfu ishirini kwa wakala.

Nikamuuliza kijana wa huduma kwa wateja.

"Mama, Benki Kuu imeshusha riba."

Kweli imeshusha. Julai 2025 riba ya Benki Kuu ilitoka asilimia 6 ikaja 5.75, yaani robo ya asilimia moja. Yangu wameikata nusu nzima.

"Na wale mnaowakopesha, mwanangu, nao mmewashushia?"

Akacheka, akarudi kwenye kompyuta yake. Mikopo ya benki nchini kwa wastani inatozwa asilimia 15 hivi, na sisi wenye biashara za cherehani nne tunapewa ya juu zaidi ya hapo. Sikumlaumu yule kijana, si yeye anayepanga.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la vipimo. Milioni nane kwa asilimia 2 ni 160,000 kwa mwaka. Toa kodi ya zuio 16,000, inabaki 144,000. Ada ya akaunti 2,000 kila mwezi, hiyo ni 24,000, nabaki na 120,000. Hapo sijagusa makato ya ATM. Na tena kulikuwa na sharti ambalo wateja wengi hawalijui: ukitoa pesa zaidi ya mara moja ndani ya miezi mitatu, riba ya kipindi hicho huipati. Sasa weka pembeni mfumuko wa bei, ambao mwaka ule wa 2025 ulikuwa asilimia 3 na ushee. Ili milioni nane zangu ziendelee kununua kitambaa kilekile, zilitakiwa ziongezeke kwa zaidi ya 240,000. Zinaongezeka nusu yake. Kila mwaka jora linapungua, na benki inanitumia salamu za kuzaliwa.

Kabla ya kuhama nilizunguka kidogo. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, nilizitazama. Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini, na kianzio cha shilingi milioni moja si kikubwa. Lakini zile zenye riba ya kutamanisha ni za miaka 20 na 25. Nikitaka pesa yangu Septemba lazima nitafute wa kumuuzia, na bei siku hiyo ni ya soko. Kwa mwenye kiinua mgongo ni jambo zuri sana. Kwa mwenye mzunguko wa msimu kama mimi, hapana. Kuna pia taasisi ndogo ya mikopo iliyoniahidi asilimia 18. Nikauliza kama wamo kwenye Bodi ya Bima ya Amana, ile inayowafidia wateja benki ikifa, nikaanza kusimuliwa habari za uaminifu wa mkurugenzi. Niliaga. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa mkupuo, na kinga ya amana wakati ule ilikuwa 1,500,000 tu kwa mteja. Tangu 2023 ni 7,500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kumbe hata pale nilipokuwa, nusu milioni yangu ilikuwa nje ya kinga hiyo.

Mwishowe nikagawa. Milioni sita zikaenda benki ya pili, amana ya muda maalumu ya miezi sita. Milioni moja na nusu nikazipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja. Laki tano zikabaki kwenye akaunti ya zamani, na sababu yake nitaieleza.

Benki ya pili nawapa heko kwa jambo moja kubwa: wanakubali kuzungumza. Kibao chao kilisema asilimia 7.5 kwa miezi sita. Nilidhani kibao ni kibao. Mama mmoja muuza mbaazi ndiye aliyenitonya kwamba riba za amana hupatanwa, na kweli, hata Benki Kuu kwenye takwimu zake za kila mwezi huwa na mstari wake wa riba za makubaliano, ambazo ziko juu ya zile za kawaida. Basi nikaenda kama niendavyo kwa Wahindi wa vitambaa Kariakoo: nikaketi, nikasalimia, nikasema nina milioni sita na benki ya jirani nayo ina kiti. Meneja akaingia ofisini, akatoka na asilimia 8. Kwa milioni sita, nusu mwaka, ni 240,000; kodi 24,000; nimepokea 216,000 kamili. Kule nilikotoka, kwa muda uleule na pesa ileile, ningepata 54,000 kabla ya ada zao.

Ufunguzi ulikuwa mwepesi: namba ya NIDA, picha, TIN ya biashara, sahihi. Pesa nilizihamisha kwa TISS, mfumo wa kutuma pesa benki hadi benki, zikafika siku hiyohiyo. Wapo wanaotoa taslimu benki moja na kuvuka nazo barabara hadi nyingine kwa kukwepa ada ya kuhamisha. Mamilioni kwenye kapu, mchana kweupe, msimu wa korosho! Lipeni ada hiyo.

Sasa madoa, maana yapo.

La kwanza ni kibao chao. Tarakimu ya riba imeandikwa kwa herufi za nyumba, na maneno "kwa mwaka" kwa herufi za sisimizi. Siku naenda kuchukua cheti cha amana nilimkuta mzee mmoja kutoka upande wa Lulindi amesimama dirishani, sauti imepanda. Aliweka milioni mbili za korosho kwa miezi mitatu kwa asilimia 8, akategemea 160,000, amepewa 36,000. Keshia anarudia tu, "Mzee, ndivyo mfumo ulivyokokotoa." Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba tukae kwenye benchi. Nikamwonesha: asilimia 8 ni ya miezi kumi na miwili, babu, ya mwaka ni 160,000, ya robo mwaka ni 40,000, na serikali imechukua elfu nne yake. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. "Basi wangesema," akasema. Mahesabu ya benki yalikuwa sahihi, lakini mzee ana haki. Dakika mbili za maelezo siku anaweka sahihi zingetosha.

La pili ni kujirudia. Amana ikiiva na hujasema neno, wanaifunga tena kwa muda uleule, tena kwa riba ya kibaoni, si ile mliyopatana. Limo kwenye fomu, ukurasa wa nyuma. Mimi nilisoma fomu yote pale pale mezani huku foleni ikiguna, nikaandika kwa kalamu kwamba ikiiva pesa ziingie akaunti yangu ya kawaida. Ukivunja kabla ya muda, riba inapotea karibu yote. Kwa hiyo usiweke ada ya mtoto humo.

Ndiyo maana ya Ukwasi. Mfuko huo ulianza 2013, kianzio ni laki moja, na nyongeza unaweza kuweka kuanzia elfu kumi. Unanunua vipande, thamani yake inapanda siku kwa siku, na ukitaka kuuza hulipi ada ya kutoka. Pesa inaingia benki ndani ya siku chache za kazi. Mwezi wa nne cherehani kubwa iliharibika mota, nikauza vipande vya laki tatu bila kugusa ile amana. Faida yake haina ahadi, hilo mwenye kuingia alijue, na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana haihusiki huko kwa kuwa mfuko si benki. Unasimamiwa na mamlaka ya masoko ya mitaji. Mimi naridhika nao kuliko akaunti yoyote ya akiba niliyowahi kuwa nayo, ila siku chache za kusubiri ni siku chache. Mgonjwa akiwa hospitali ya Mkomaindo usiku, Ukwasi haukusaidii usiku huo.

Wifi yangu hataki kusikia habari ya riba, na simbishii, dini ni dini. Yeye kaweka kwenye dirisha la Kiislamu, ile Al Barakah ya CRDB, kwa utaratibu wa mudharaba: benki inafanyia biashara pesa, faida mnagawana kwa uwiano mliokubaliana. Namsikia hana malalamiko. Wenye msimamo kama wake wasidhani kwamba bila riba ni lazima pesa ilale bure.

Sasa zile laki tano nilizoziacha. Nina ekari nne za mikorosho ya marehemu baba, na namba ya akaunti iliyo kwenye orodha ya AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, ni ile ya zamani. Malipo ya mnada yanapita kwenye orodha hiyo. Akaunti ikiwa imefungwa, au jina likitofautiana hata herufi moja, pesa inarudi ilikotoka, na kuifuatilia katikati ya msimu, wakati katibu ana mamia ya wakulima mlangoni, ni mateso ambayo nimeyaona kwa majirani. Mwenye korosho anayetaka kuhama, abadilishe namba AMCOS miezi hii ya kiangazi, apate uthibitisho kwa maandishi, apokee walau malipo ya mnada mmoja kwenye akaunti mpya, ndipo aende kuifunga ya zamani. Mimi yangu nitaifunga Januari. Wameshaanza kunipigia simu, eti mama mbona umetutupa, tunaweza kukuangalia upya. Walikuwa na nafasi ya kuniangalia wakati natazama ile karatasi ukutani.

Akaunti ya zamani naipa nyota moja, ya mawakala wao, ambao kweli wako kila kona mpaka vijijini. Benki ya pili nyota nne. Ya tano nawanyima kwa kibao chao, na kwa ATM yao ambayo siku za malipo ya korosho huishiwa pesa kabla ya adhuhuri. Anayekwenda kufungua amana aende asubuhi, katikati ya wiki, aulize meneja moja kwa moja, na asikubali kiwango cha kwanza atakachotajiwa. Chini ya milioni tano sijui kama watapatana nawe, lakini kuuliza hawatozi ada, bado.