Pikapu za gitaa kwa saundi ya roki ya kizamani: nimetoa ya moto nimeweka dhaifu

Mtwara kuchele! Haya wanangu karibuni tena, leo niko hapa nyumbani Shangani, feni nimezima ili maiki isinase upepo kwa hiyo mkiniona natiririka jasho msishangae. Leo tunaongelea pikapu. Na kabla hujakimbilia kuandika komenti, sio pikapu ya kubebea korosho, ni pikapu ya gitaa, ile sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi. Nasema hivyo kwa sababu siku nilipoenda kwa mzee wangu fundi redio kule sokoni, nikamwambia shikamoo babu, nimekuja tubadilishe pikapu, akavua miwani akaniangalia, "Marahaba mjukuu wangu, gari umenunua lini?"

Sasa gitaa lenyewe ndo hili. Umbo la Les Paul, lile gitaa maarufu la kampuni ya Gibson, ila hili la Kichina, halina hata jina kichwani, nilichukua kwa jamaa mmoja wa Masasi aliyekuwa anahama. Mbao nzuri, shingo imenyooka, sina tatizo nalo. Tatizo pikapu zilizokuja nazo, ukitia distosheni, yaani ule mkoromo wa roki, kidogo tu ukapiga kodi ya G nyuzi zote sita unasikia tope. Na mimi naitaka ile saundi ya roki ya mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, ile gitaa inakoroma lakini bado unasikia kila uzi umesimama peke yake, ukigusa kwa upole inaongea kwa upole, ukikandamiza inabweka.

Basi nikafanya kosa ambalo najua na nyie mnalifanya maana mnaniandikia inboksi. Nikajiambia roki ni kelele, kwa hiyo nitafute pikapu yenye nguvu kuliko zote, ya moto kama tunavyoiita. Nikaagiza Dar moja isiyo na jina, sumaku ya seramiki, kwenye mita ukinzani wa waya wake unasoma kilo ohm 15 na kitu, ikaja na basi usiku, asubuhi nikaifuata stendi kama mtu anayefuata mgonjwa. Nikafunga. Nguvu ipo, siwadanganyi, amplifaya inalia kabla hujagusa kitu. Lakini hebu sikilizeni hii.

Mmesikia? Kila kitu kimebanwa. Nikipiga taratibu na nikipiga kwa nguvu inatoka ile ile. Na nikishusha volyumu ya gitaa uchafu hauondoki, inakuwa tu kama mtu kafunika spika na blanketi. Kwa metali hiyo ni sawa kabisa, kuna watu wanaitafuta hiyo hiyo. Kwa ninachokitaka mimi, hapana.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini, maana hapa ndo pana utamu wenyewe.

Ile pikapu ya koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya, tunayoiita hambaka ilibuniwa na fundi anaitwa Seth Lover, alikuwa anafanya kazi Gibson, Kalamazoo, huko Michigan Marekani. Mwaka 1955 wakapeleka maombi ya hati miliki. Na hakuwa anatafuta saundi ya roki hata kidogo, shida yake ilikuwa ule mngurumo, ule mmmmm wa umeme ambao pikapu ya koili moja inaunasa kama redio, akaweka koili mbili, moja imegeuzwa sumaku na mzunguko wake, mngurumo ukawa unajifuta wenyewe na sauti ya nyuzi inabaki. Wakaanza kuziweka kwenye magitaa 1957, hati miliki yenyewe ikaja kutoka 1959, kwa hiyo kwa muda wote huo chini ya pikapu palikuwa na kikaratasi kimeandikwa Patent Applied For, ndo mnasikia watu wanaziita PAF. Mzungu mwenye PAF halisi leo haiuzi, au akiiuza unanunua kiwanja Mikindani.

Na sasa sikia jambo lenyewe: hizo PAF ni dhaifu! Ukizipima nyingi zinacheza kilo ohm 7 mpaka 9. Mashine za kuzungushia waya zilikuwa hazijizimi zenyewe kwa idadi kamili, kwa hiyo koili moja inaweza ikawa na mizunguko mingi kuliko mwenzake, na sumaku zilikuwa alniko, yaani aluminiamu, nikeli na kobalti, lakini namba ya alniko inabadilika kutegemea kilichopo stoo siku hiyo. Ubovu wa kiwanda huo. Lakini zile koili zisipolingana inabaki hewa fulani juu, mwanga fulani kwenye uzi mwembamba, na hapo ndo tunapopapenda sisi.

Kwa hiyo ukali wa ile saundi ulikuwa hautoki kwenye pikapu. Pikapu inapeleka ishara ndogo lakini safi, halafu amplifaya ya valvu, zile taa za kioo, imefunguliwa mpaka mwisho ndo inakoroma. Marshall, watengeneza amplifaya, walianza London 1962, na ile amplifaya yao ya kwanza, JTM45, haina kitu cha distosheni ndani yake, ni volyumu tu, unafungua mpaka majirani wahame. Pikapu ikiwa ya moto sana unakuwa umeshaharibu ishara kabla haijafika huko. Ndo maana ninawaambia punguzeni nguvu, msiongeze.

Haya, nilichofunga sasa hivi. Hii ni seti ya Seymour Duncan, modeli ya '59, SH-1. Sumaku alniko 5, waya wa aina ile ile ya kizamani. Nimepima na mita yangu, ya shingoni inasoma 7 na kitu, ya kwenye daraja, kule nyuzi zinakokaa mwishoni, 8 na kitu. Nusu ya ile ya moto. Nusu! Na bei yake mtanisamehe, kwa seti nzima unanunua gitaa lingine la Kichina ukabaki na chenji ya nyuzi. Nilisubiri msimu wa korosho uishe dada anilipe deni langu, ndo nikaagiza.

Sikilizeni ya daraja, amplifaya ile ile, sijagusa kitasa hata kimoja.

Eeh! Si mmeona. Ile G sasa ina nyuzi sita. Imepungua sauti, ndiyo, hapo unaongeza tu kidogo kwenye amplifaya, lakini huo uzi mnene unasikika umekaza, haumwagiki. Sasa nashusha volyumu ya gitaa mpaka 5 hivi. Imekuwa karibu klini kabisa, naweza nikapiga rizimu ya kwaya hapa hapa bila kukanyaga pedali yoyote. Naipandisha 10, imekasirika. Ukisikiliza zile rekodi za zamani za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, zile solo za dansi, ndo mambo hayo hayo, kila noti inajulikana inapoanza na inapoisha. Watu wanadhani dansi na roki ni mbingu na ardhi, kwenye pikapu ni majirani.

Ya shingoni nayo nzuri ila kwa masikio yangu mimi bezi yake imezidi kidogo, nitawaambia nilichofanya.

Kama unataka laini zaidi ya hii, tafuta ya alniko 2. Sumaku ya 2 ni dhaifu kuliko ya 5, bezi inalegea kidogo na juu kunakuwa kutamu hakuchomi sikio, na msidhani laini maana yake ya wazee, Slash, yule mpiga gitaa wa Guns N' Roses, amepiga na Alnico II Pro, pikapu ya sumaku hiyo, miaka na miaka na hakuna aliyemwambia gitaa lako halina nguvu. Na ukiwa na gitaa la kukubali P-90, hiyo koili moja Gibson walianza nayo 1946, ina kwikwi na ukali wa kipekee, mimi naipenda sana, ila itanguruma, na kwa umeme wetu huu na taa hizi za bei rahisi za ukutani itanguruma kweli kweli. JB yenyewe, SH-4 ya Seymour Duncan hao hao, wengi mnaniuliza, iko kwenye kilo ohm 16, ni pikapu nzuri mno kwa solo za miaka ya 80, ila sio habari ya leo.

Sasa kwenye kufunga. Kwanza pima. Rula, kutoka katikati ya msumari, ile nukta ya chuma juu ya pikapu, wa uzi mnene mpaka katikati ya msumari wa uzi mwembamba. Za asili ya Gibson ni kama milimita 50, zile za magitaa ya asili ya Fender ni kama 53. Ukikosea haifi, lakini nyuzi za pembeni zinapita nje ya misumari. Halafu angalia na kina cha shimo, haya magitaa ya bei rahisi mengine yamechimbwa kwa uchoyo, miguu ya pikapu inagota.

Pili waya, na hapa nilipigwa. Kwa siku kama nne nilikuwa nimefunga hii mpya kwenye daraja na ya zamani nimeiacha shingoni. Kila moja peke yake safi. Nikiweka swichi katikati zipige zote mbili, sauti inakuwa nyembamba kama redio ya betri zilizokwisha, bezi yote imetoroka. Nikamlaumu babu wa watu, nikamwambia babu hapa hukulehemu vizuri. Akanitazama tu, akachomoa, akageuza waya mbili, akalehemu tena, ikakaa. Zilikuwa zinavutana, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Kwa hiyo ukichanganya kampuni mbili, rangi za waya hazifanani: Seymour Duncan nyeusi ndo inakwenda kwenye volyumu, kijani ni ya chini, nyekundu na nyeupe unaziunganisha pamoja unazifunga na selotepu ya umeme. DiMarzio nyekundu ndo ya kwenda juu, kijani ya chini, nyeusi na nyeupe unaziunganisha. Ukifuata rangi za mmoja kwa pikapu ya mwingine haitapiga inavyotakiwa. Babu nilimpelekea kilo ya ming'oko, yakaisha.

Tatu, na hii nawaomba muifanye kabla hamjatoa hata shilingi: fungueni nyuma mwangalie poti za volyumu na toni, zile zinazokaa chini ya vitasa. Hambaka inataka poti za kilo ohm 500. Magitaa mengi rahisi wanaweka 250, hizo ni za koili moja, zinakula ukali wa juu, unabaki unalaumu pikapu bure. Nilipobadilisha zangu, hata zile pikapu za mwanzo zilifunguka, karibu nighairi kununua. Na sisi wa pwani kuna chumvi, poti inakwaruza kila ukizungusha, nyuzi zinaota kutu wiki mbili, tia dawa ya kusafishia kontakti, zungusha mara ishirini, ndo uanze kuhukumu. Kapasita ya toni nimeweka ya maikrofaradi 0.022. Na nimeilehemu kwenye mguu wa kati wa volyumu, ule wa kutokea, sio ule wa kuingilia, ndo walivyokuwa wanafunga miaka ya 50, faida yake ukishusha volyumu ukali haupotei. Kapasita yenyewe bei ya soda. Kwa kweli kwenye mabadiliko yote ya gitaa hili hiyo ndo iliyonifurahisha kuliko pesa yake.

Urefu wa pikapu sasa, ile bezi ya shingoni niliyosema. Nimebana uzi kwenye freti, ule mstari wa chuma, ya mwisho kabisa ya shingo, halafu nikapima kutoka juu ya msumari mpaka chini ya uzi. Kuanzia milimita 2.4 shingoni na 1.6 kwenye daraja ni pazuri. Mimi ya shingoni nimeizamisha zaidi upande wa uzi mnene, nikafungua misumari ya nyuzi nyembamba ikapanda kidogo, bezi ikatulia. Bisibisi tu, hamna gharama.

Na wewe ndugu yangu unayepiga kanisani, gitaa limechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa pamoja na kinanda na maiki za waimbaji, sikia. Usinunue pikapu. Nakuambia kwa upendo. Ile mikisa haijatengenezwa kupokea gitaa la namna hii, inalinyonya, na spika zile ni za kupitisha sauti za watu, utafunga hata PAF halisi na bado itatoka kama nzi kwenye chupa. Hela hiyo tafuta kaamplifaya ka gitaa hata kadogo, uweke maiki mbele yake. Pikapu zije mwakani.

Mmoja ameuliza kama zinapiga mluzi ukifungua sana. Hizi hapana, zimezamishwa kwenye nta. Zile PAF za zamani hazikuwa na nta, na kuna modeli inaitwa Seth Lover nayo hawaitii nta makusudi, ukiigonga kwa kucha unaisikia kwenye spika, watu wengine wanaipenda kwa hilo. Kwa jukwaa la hapa kwetu ambako amplifaya iko nusu mita nyuma ya kisogo chako, mimi nisingethubutu.

Haya, ya mwisho, pikapu zote mbili swichi katikati, shingoni volyumu 6, daraja 8, sina pedali, nimechomeka moja kwa moja. Ngoja... subirini kidogo, adhana hiyo. Nazima amplifaya kwanza, ikiisha nawapigia.