Fundi wa Aggrey anayepima kwanza: laptopu yangu ya gemu imeacha kugandaganda

Kama una laptopu ya gemu inayogandaganda na kila fundi unayempelekea anakuambia "tupige Windows upya", mtafute mzee mmoja pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya wauza kava na chaja za simu. Meza moja, feni moja ya ukutani, kabati la vioo lililojaa maiti za laptopu. Wauza simu wa chini ukiwauliza "mzee wa kompyuta yuko wapi" wanakuonyesha ngazi bila kuinua macho. Zamani alikuwa fundi wa redio na televisheni, na naamini huko ndiko alikojifunza tabia yake ya kutogusa kitu kabla ya kukipima.

Mashine yangu ni ya mtumba lakini si mbovu: prosesa ya Core i5-11400H, kadi ya grafiki RTX 3050 yenye GB 4, kumbukumbu ya kazi (RAM) GB 16, SSD ya GB 512. Mchana ninahariri video za harusi na send-off, usiku nacheza GTA V na gemu la mpira. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuudhi kwa sababu haukueleweka. Kihesabu cha fremu, yaani picha ambazo gemu linachora, pembeni ya skrini kinaonyesha 70 kwa sekunde, vizuri kabisa, halafu gari linaganda barabarani kufumba na kufumbua, linaruka mbele, linaendelea. Mara nyingine gemu linajifunga lenyewe na kunirudisha kwenye deski. Mara chache skrini inageuka bluu na maneno MEMORY_MANAGEMENT. Mafundi waliotangulia walipiga Windows, nikapata nafuu siku mbili tatu, ugonjwa ukarudi palepale.

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Usiiwashe kwanza, mwanangu. Niambie inagandaje."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alitaka kujua kama inaganda mara ya kwanza tu ninapoingia sehemu mpya ya gemu, au kila mara. Kama inaanza vizuri na kuharibika baada ya muda. Kama inakuwa mbaya zaidi ninapoacha kivinjari kikiwa wazi nyuma. Kama nachezea kwenye chaja au kwenye betri. Aliponieleza kwa nini anauliza nilielewa kwamba "kuganda" ni magonjwa mengi yanayovaa sura moja. Gemu likiganda mara ya kwanza tu unapofika mahali, kisha ukirudi hapo linateleza, mara nyingi ni programu za kuchora taswira zinaandaliwa papo hapo, na hilo si kosa la mashine. Likianza vizuri kisha likazidi kuchoka, shuku joto. Likiwa baya pale tu unapofungua vitu vingi, shuku RAM kujaa. Likikwama hovyo hovyo bila mpangilio, tena na skrini ya bluu juu yake, shuku RAM yenyewe kuwa mbovu. Yangu ilikuwa na dalili za namna zaidi ya moja, na alisema wazi kwamba hatarajii kukuta kosa moja.

Aliwasha gemu huku MSI Afterburner ikichora muda wa kila fremu. Ni programu ya bure, na ningependa kila mchezaji aijue. Ukiwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Fremu moja ikichukua milisekunde 150, wastani wa sekunde ile haushuki sana, ila jicho linaona kila kitu. Kwenye mchoro wangu mstari ulikuwa umetulia, halafu ghafla unapanda juu mithili ya mwiba, unashuka, unapanda tena. Mzee akagusa mwiba mmoja kwa ncha ya bisibisi: "Huyu ndiye tunayemtafuta. Hiyo namba 70 iache."

Kosa la kwanza alilikuta kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya mashine, sehemu ya kumbukumbu, mahali ambapo watu wengi wanaangalia asilimia tu na kuondoka. Kuna mstari wa "Committed", yaani kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa na Windows. Wangu ulisoma 14.9 kati ya 15.7. Mashine ya GB 16 iliyo na afya huonyesha kikomo kikubwa zaidi ya hapo, kwa sababu Windows hutenga pia sehemu ya diski kama akiba. Kumbe fundi mmoja huko nyuma aliizima akiba hiyo "ili mashine iwe nyepesi". Ukiizima, kikomo kinabaki RAM tupu. Gemu likiomba zaidi ya kilichobaki linanyimwa, na likinyimwa linajifunga. Ndiyo sababu lilikuwa linanirudisha kwenye deski bila ujumbe wowote. Mzee aliirudisha, akaacha Windows ijipangie ukubwa yenyewe, akaiwasha upya. Tiba ya dakika moja, bila senti ya vipuri. Ninasisitiza hili kwa sababu mtandaoni kumejaa video za Kiswahili zinazowafundisha vijana kuizima akiba hiyo, na zinawaharibia mashine.

Miiba ikapungua, haikuisha. Akazima, akachomoa chaja, akafungua skrubu za chini akizipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kisha akachomoa waya wa betri kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine) kabla ya kugusa chochote kingine. Vibanzi vya RAM vilikuwa viwili, GB 8 kila kimoja, lakini si ndugu: kimoja cha kasi 3200, kingine 2666. Ukivichanganya hivyo vyote hukimbia kwa kasi ya yule mzito. Akasema hilo linapunguza kasi ila halileti skrini ya bluu.

Akaviweka kwenye kipimo cha MemTest86, ambacho hujiendesha kutoka kwenye flashi bila Windows kuwashwa kabisa, kwa hiyo hakuna programu ya kusingiziwa. Kipimo kinachokuja na Windows kilikuwa kimepita salama huko nyuma. Hiki hakikupita. Mistari myekundu ilianza kujipanga skrini nzima. Fundi mwenye haraka angesema "RAM imekufa, nunua mpya" na kuchukua pesa. Mzee alitoa kibanzi kimoja, akapima kilichobaki. Kisha akakihamishia tundu la pili, akapima tena. Kisha kile kingine, matundu yote mawili. Kazi hiyo inakula saa nyingi, nikaiacha mashine hapo nikaja kesho yake. Jibu lilikuwa safi: makosa yalikifuata kibanzi cha 2666 popote kilipowekwa, na kile cha 3200 kilipita kwenye matundu yote mawili. Maana yake madabodi ni nzima na hasara ni kibanzi kimoja tu. Kabla ya kukihukumu alifuta meno ya dhahabu ya kibanzi hicho kwa kifutio cha penseli, polepole kuelekea nje, akapangusa kwa pamba yenye spiriti, akasubiri ikauke, akapima upya. Makosa yakabaki yaleyale. Hapo akakiweka pembeni.

Hauzi RAM. Aliniandikia kwenye karatasi: DDR4 (ndicho kizazi cha RAM yangu), ya laptopu, GB 8, kasi 3200, volti 1.2. Nenda nayo hivyohivyo dukani. Duka la kwanza lilinitolea DDR5, ambayo haiingii: ina pini 262, DDR4 ya laptopu ina 260, na pengo la katikati limekaa kwingine. La pili likatoa ile ndefu ya kompyuta ya mezani. La tatu ndilo lililosoma karatasi. Nililipa shilingi 95,000, na muuzaji alikubali nirudishe kama kipimo kitaikataa.

Wakati wa kuweka kipya alinionyesha jambo ambalo sikuliomba. Alilicheza gemu na kile kibanzi kizima kikiwa peke yake, kisha na viwili. RAM ya DDR4-3200 ikiwa kibanzi kimoja hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi bega kwa bega, 51.2. Kwenye mchoro tofauti ilionekana bila kuhadithiwa: kwa kibanzi kimoja mstari ulikuwa umejaa vinyweleo, kwa viwili ukalala. Kwa hiyo wewe unayenunua laptopu mpya yenye RAM GB 16, uliza kama ni kibanzi kimoja au viwili. Task Manager inakuambia pia, kwenye mstari wa matundu yaliyotumika.

Joto lilikuwa la mwisho. Kati ya feni na mapezi ya shaba alitoa kitambaa kizima cha vumbi, kimeshikana kiasi kwamba alikibandua kwa kibano kikatoka kipande kimoja. Pesti ya prosesa, ile inayosaidia kupitisha joto lake, ilikuwa imekauka na kuwa chokaa. Prosesa hii ikigusa nyuzi 100 inajipunguza kasi ili isiungue, na yangu ilikuwa ikishuka kutoka gigahezi nne na kitu hadi chini ya mbili katikati ya mchezo. Baada ya usafi na pesti mpya inakaa kwenye nyuzi themanini na kitu, na hii ni Dar ya mwezi wa Februari, chumbani bila kiyoyozi.

Bado kuna kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukitibu: GB 4 za kadi ya grafiki. Ndani ya mipangilio ya GTA V kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu ya kadi iliyotumika, na wangu ulikuwa umepita mwisho. Ikijaa, picha zinaazima nafasi kwenye RAM ya kawaida, ambayo kwa kadi iko mbali na ni ya polepole, na miiba inarudi. Tulishusha ubora wa picha za kuta na barabara ngazi moja. Macho yangu hayakuona tofauti, mstari ukarudi ndani.

Kupima alinitoza 20,000, na utalipa hata ukiamua kutotengeneza. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naona ndiyo pesa halali kuliko zote nilizowahi kutoa kwa fundi, kwa sababu nilizotoa mwanzo zilinunua Windows ileile mara kwa mara. Usafi na pesti ni 30,000.

Ninachomlaumu ni haya. Simu hapokei akiwa kazini, na yuko kazini muda wote. Risiti hana, dhamana yake ya mwezi mmoja ameiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya mtu mwingine. Kwa mtu anayehitaji mashine leo hii kwa kazi ya kesho, hafai, maana hatakubali kuruka kipimo hata ukimbembeleza; mimi mwenyewe nilichelewesha video ya mteja kwa ajili hiyo. Na wateja wawili wakikaa mle ndani, hewa inaisha.

Ukienda, beba chaja yako halisi. Anaisoma wati zake kabla ya kufungua mashine, kwa kuwa chaja dhaifu nayo huifanya laptopu ya gemu ipunguze nguvu na kugandaganda. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, Jumapili hafungui.