QField kwa daftari la mali za mji: inatosha, ila anza na namba

Halmashauri inayotaka kujua ina nguzo ngapi za taa, makalavati mangapi na chemba zipi hazina mifuniko, QField inaitosha kabisa. Ni programu ya bure ya simu ya kukusanya taarifa za ramani mtaani, inafanya kazi bila mtandao, na mradi wake huandaliwa kwanza kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta.

Utamu wake uko kwenye fomu. Kipenyo cha kalavati kiwe orodha ya kuchagua (milimita 600, 900, 1200), kikiandikwa kwa mkono utakuta "900", "0.9" na "sm 90" kwenye safu moja. Picha nayo iwe ya lazima.

Panapoharibika ni kwenye namba za utambulisho. Simu mbili zisizo na mtandao zinaweza kutoa fid ileile (namba ambayo programu hukipa kila kitu yenyewe) kwa vitu viwili tofauti. Mkiunganisha kazi, kimoja kinafunika kingine. Ongeza safu ya maandishi yenye thamani ya kuanzia uuid(), yaani amri inayotoa utambulisho usiojirudia, tena kabla hata mtu mmoja hajaingia mtaani. Picha pia hazikai ndani ya faili la GeoPackage linalohifadhi data za ramani, zimo kwenye folda ya DCIM ya mradi. Ukinakili faili peke yake, zimebaki kwenye simu.

GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5 hata penye anga wazi. Kwa nguzo si neno. Kwa valvu ya maji iliyofukiwa, ni kuchimba mashimo ya bure, kwa hiyo kodini kipokezi cha RTK, kinachopima kwa usahihi wa sentimita. Na kwa Dar es Salaam, ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa majira wa Arc 1960 zikisomwa kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, mtaro unahama karibu mita 300.