Hereditary: nakala iliyotafsiriwa imeninyima nusu ya filamu

Katika duka la filamu ninakojaziwa flashi hapa Kirumba, Mwanza, Hereditary, filamu ya kutisha ya Ari Aster iliyotoka mwaka 2018, imewekwa fungu moja na sinema za mashetani, na muuzaji hukupa kwanza nakala iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Niliitazama hiyo, kisha nikatafuta yenye sauti zake za asili, na tofauti niliyoikuta ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Annie, anayeigizwa na Toni Collette, ni msanii wa kutengeneza vijumba vidogo vyenye vyumba, samani na watu wake ndani. Amefiwa na mama yake, na katika kikao cha waliofiwa anausimulia ukoo wao karibu kwa pumzi moja: mama aliyeugua maradhi ya nafsi kugawanyika, yaani mtu mmoja kuwa na nafsi zaidi ya moja, baba aliyejinyima chakula hadi akafa kwa sonona, na kaka mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona yasiyokuwepo, aliyejinyonga akiwa na miaka 16, akiacha barua ya kumlaumu mama yake kwamba alikuwa akimwingizia watu mwilini. Hapo hakuna damu wala kelele. Hata hivyo, kwetu huku Kanda ya Ziwa, ambako familia yenye mgonjwa wa akili haikosi mjomba au shangazi wa kuuliza kama ni ugonjwa wa ukoo au kuna mkono wa mtu, maneno hayo yanatisha kuliko jini lolote.

Ndoto ndizo zilizonishika zaidi. Annie hutembea usingizini, na zamani aliwahi kuzinduka akiwasha kiberiti mbele ya wanawe, wote pamoja naye wakiwa wamelowa thina ya rangi. Baadaye anaota sisimizi wamemjaa usoni mwanawe Peter. Anadhani ameamka, kumbe bado yumo ndotoni, na kijana anapomuuliza kwa nini anamwogopa, mama anajibu kwamba hakutaka kamwe kuwa mama yake, kisha anajiziba mdomo kwa mikono yote miwili kana kwamba maneno yametoka kwa mtu mwingine. Collette anastahili sifa zote alizopewa.

Sasa, katika nakala iliyotafsiriwa, mfasiri anaongea juu ya tukio hilo zima, na mahali penye ukimya anaongezea utani wake. Binti wa Annie, Charlie, ana tabia ya kugonga ulimi, na mlio huo mdogo hurudi gizani pale usipoutarajia. Kwenye nakala hiyo sikuusikia hata kidogo, wala ule mngurumo wa chini wa muziki wa Colin Stetson unaomfanya mtu akae vibaya kitini bila kujua sababu. Simlaumu mfasiri kwa filamu za kupigana, ambazo huzinogesha kweli, lakini hii inategemea ukimya.

Filamu yenyewe nayo ina kasoro. Kwa muda mrefu inakuacha ukijiuliza kama Annie anaumwa au anachezewa na nguvu za giza, lakini sehemu ya mwisho inatoa jibu waziwazi mno, na kwangu hofu ilipungua hapo.

Ina dakika 127 na huanza taratibu, kwa hiyo mpenda mbio atachoka mapema. Watoto wasiwepo sebuleni, na aliyefiwa karibuni aiache kwanza. Anayeitaka amwombe muuzaji nakala ya asili yenye maandishi chini, avae spika za masikioni, na aitazame usiku.